Barua kwa wazazi na walimu: mtoto akabidhiwe jambo liwe lake

Wazazi wenzangu, na ninyi walimu mlioshika chaki baada yetu,

Shikamooni mlionizidi umri, wengine, marahaba. Nilifundisha shule za msingi wilayani Muheza hadi nikastaafu, na sasa nalea wajukuu wawili. Nawaandikia kwa kuwa kila nikikaa barazani nasikia kauli ile ile: watoto wameharibika kwa sababu fimbo imepungua. Mimi fimbo hiyo nimeishika, hivyo nisikilizeni kidogo.

Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au yule aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Nilipokuwa mwalimu mkuu kitabu hicho kilikaa kwenye droo yangu. Siku moja nilikuwa natafuta jina la mwanafunzi, nikajikuta nakipitia ukurasa kwa ukurasa. Majina yalikuwa yale yale. Mtoto aliyechapwa Februari kwa kuchelewa, Machi kachapwa kwa kuchelewa, Juni yumo tena. Mwandiko ni wangu, sahihi ni yangu. Kama viboko vile vingekuwa vinafundisha, majina yangebadilika. Tangu siku hiyo mkono wangu ulikuwa mzito.

Sisemi watoto waachwe wafanye watakavyo. Adabu naitaka, na mtoto asipokanywa mapema anakuja kuwatesa waliomzaa. Ninachosema ni kwamba aliyechapwa anajifunza kumchunga mchapaji: yupo, hayupo, anatazama wapi.

Tena tulikosea jingine, na hili linaniuma zaidi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, shamba la shule lilikusudiwa liwe sehemu ya masomo. Sisi tukaligeuza adhabu. Umechelewa, kalime. Umepiga kelele, kang'oe visiki. Miaka saba mtoto anaona jembe linapewa mkosaji, halafu akimaliza shule tunamlaumu kwa kulikimbia! Walimu, nawaomba sana: bustani na usafi wa darasa viwe zamu ya kila mmoja, na kiranja wa zamu asifiwe mbele ya wenzake tuta lake likistawi.

Nyumbani nako tumepotoka kwa njia nyingine. Dada wa kazi anamtandikia kitanda kijana wa Darasa la Sita, anamfulia, anampangia daftari begini. Glasi ikivunjika, mzazi anachomoa mkanda. Lakini ni jambo gani amewahi kumkabidhi yule mtoto, akamwambia hili ni lako, likiharibika nitakuuliza wewe?

Mjukuu wangu wa Darasa la Nne nilimkabidhi shati lake la shule, alifue mwenyewe kila Jumamosi. Wiki ya tatu akasahau. Jumapili usiku shati likaonekana chini ya kitanda, limejikunja, kola nyeusi, doa la mchuzi wa dagaa kifuani. Mama yake akainuka alichukue beseni. Nikamwambia, mwanangu, kaa. Alinikasirikia, na sikulala vizuri. Asubuhi mtoto akaenda hivyo hivyo, ameshikilia daftari kifuani juu ya lile doa. Sikumgombeza, sikumcheka, wala sikumruhusu mtu yeyote amcheke. Aliporudi nilimuuliza tu, sabuni ipo? Akasema ipo. Akachota maji mwenyewe, akafikicha ile kola mpaka vidole vikakunjamana, akaja kunionyesha: doa limefifia, halijaisha. Nikamwelekeza aloweke kwanza, ndipo afikiche.

Kwa hiyo wanangu, likizo hii kila mtoto apewe kitu kimoja kinacholingana na umri wake: kuku wa kulisha, mtungi wa kujaza, mdogo wake wa kumsomesha hesabu. Muonyesheni mara mbili, mara tatu, kisha muondoe mikono. Na kikao cha wazazi kitakapoitwa, muulizeni mwalimu wa darasa: mwanangu hapa amekabidhiwa nini?

Ni mimi, babu yenu, mwalimu mstaafu.