Watu wa hospisi wananihesabia chupa ya mamangu

Shangazi, shikamoo.

Sikulala tena. Mamangu anaumwa saratani, na tunahudumiwa na hospisi, wale wanaomjia nyumbani mgonjwa asiyepona kumtuliza maumivu. Mamangu ndiyo kwanza amepata usingizi, na akiamka sitapata nafasi ya kushika simu, kwa hiyo ukiona maneno yamekwenda mbio nisamehe.

Nikuulize. Mtu, muuguzi wa hospisi tunayemwita dada, amekuja nyumbani kwako, umemkaribisha, umempa maji. Chumbani wamo majirani wawili waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Yeye anainua chupa ya dawa, anaitazama kwenye mwanga wa dirisha, anasema, "Hii dawa inakwenda wapi?" Hakuuliza mbona imeisha upesi. Hakuuliza mama anaendeleaje. Inakwenda wapi! Na macho yakaenda moja kwa moja kwa ndugu yangu mdogo, aliyekuwa amekaa kizingitini anammenyea mama chungwa.

Wewe unaijua Malindi. Sina haja ya kukueleza macho yale yalimaanisha nini, wala dawa yenyewe ni dawa gani.

Ndugu yangu alikuwa mla unga, ule wa kulevya, sikatai, mtaa mzima unajua na wengine walimjua kabla yangu. Lakini sasa anakunywa methadoni, dawa ya kumwachisha unga, kila siku ya Mungu anakwenda kliniki pale hospitalini, anakunywa mbele ya muuguzi anayemtazama mpaka ameze, halafu anasemeshwa ionekane kweli kameza. Huyo ndiye wa kuibia mamake morfini, dawa yake ya maumivu? Mtu anayeamka mapema kuliko mimi?

Dawa ilikwenda tumboni kwa mama. Nitakueleza hesabu yake, maana nimeirudia kichwani mpaka naiota. Mwanzo walituambia mililita tano kila baada ya saa nne, na ile ya kulalia apewe mara mbili asije akaamshwa saa nane usiku. Hiyo ni thelathini kwa siku. Chupa ina mia tano, kwa hiyo inavuka wiki mbili na kubakisha kidogo, na wao wanakuja kila wiki mbili. Sawa. Kisha maumivu yakapanda, nikapiga simu mchana, akapokea mwanamume, nadhani ndiye daktari wao, akaniuliza maswali mengi mazuri, akasema, "Mpandishe mpaka kumi." Nikampandisha. Kumi kila saa nne ni sitini kwa siku, na chupa ile ile haimalizi siku tisa. Mtoto wa darasa la nne anaijua hiyo! Yule daktari hakuandika kwenye faili. Faili bado linasema tano. Dada akaja na faili lake la tano akakuta chupa yangu ya kumi, akanitafutia mwizi.

Nilimwonyesha daftari. Mimi naandika kila dozi, saa na kipimo, kwa kalamu ya buluu. Sirinji naiosha kwa maji moto. Chupa naifungia kabatini na ufunguo naufunga kwenye pindo la leso, kwa sababu nyumba ina watoto, si kwa sababu nyingine, na asidhani mtu kwamba ni kwa sababu nyingine. Daftari alilitazama, akageuza kurasa mbili, akalifunga. Akasema, "Hata hivyo." Sijui hata hivyo nini.

Najua hiyo dawa ina masharti. Najua lazima wahesabu, na chupa tupu zirudi. Wahesabu! Mimi sijasema wasihesabu. Lakini ningeitwa uani, nikaulizwa kwa sauti ya chini, ningelijibu. Ilikuwa lazima mbele ya watu?

Kaka yetu yuko Qatar, yeye ndiye anayelipa. SHA, bima ya afya ya serikali, tumejiandikisha, lakini hawa wa kuja nyumbani tunawalipa mkononi. Nilipomweleza akasema, "Wewe umezidi kununa. Wale wana ofisi, wana gari, wana cheti ukutani, nimewaona." Amewaona kwenye simu. Mimi ninayelala chini kando ya kitanda cha mama, eti ndiye sijawaona! Sasa anataka tumhamishe mama Mombasa, kuna mahali kuna vitanda na bustani, mgonjwa anakaa huko huko. Mama hataki hata kusikia. Anasema yeye amezaliwa hapa na kaburi la mumewe liko hapa, huko Mombasa anapelekwa kumtafuta nani? Kwa hiyo hilo la Mombasa halipo. Ingawa kuna usiku, Shangazi, nikiona anavyouma meno, najisemea laiti ningekubali, kungekuwa na mtu wa kuita.

Maana usiku hawashiki simu. Hilo sijakwambia. Baada ya ile siku ya chupa walituachia chupa moja ndogo, "mpaka tuhakikishe". Ikaisha kabla hawajahakikisha. Usiku wa manane mama akaanza, si kulia, mamangu halii, anahesabu majina ya Mwenyezi Mungu kwa sauti na sauti inakatika. Nikapiga ile nambari waliyotuandikia mlangoni, "saa 24". Ikaita ikaisha. Nikapiga, ikaita ikaisha. Mara ya mwisho, mteja hapatikani. Ndugu yangu akatoka akatafuta tuktuk kwenda kuamsha watu wa duka la dawa, akarudi na tramadol. Ile ni ngazi ya chini, wao wenyewe walinifundisha mwanzoni: Panadol, kisha kodeini au tramadol, kisha morfini, na mwenye maumivu makali harudishwi chini. Tukampa hivyo hivyo. Palipokucha dada akapiga, akasema simu ilikuwa kwenye chaji.

Sasa usije ukafikiri nawachukia. Hapo ndipo pananitesa. Huyu dada aliyeinua chupa ndiye aliyemrudishia mamangu watu. Ugonjwa ni wa titi, na limepasuka, unaelewa. Walivyotutoa hospitali walitupa pamba na dawa ya kuosha basi. Harufu ikatufukuzia wageni, mpaka mama mdogo akawa anasalimia kutoka mlangoni na leso puani. Mama akaniomba nisimfungulie mtu tena. Dada siku ya kwanza hakuziba pua. Alikaa kitandani, akaniambia nichemshe maji nitie chumvi nisubiri yapoe, nioshe taratibu nisisugue, kisha akachukua tembe za Flagyl, dawa ya kuua viini, akazisaga kwa mgongo wa kijiko juu ya karatasi safi mpaka zikawa unga, akanyunyiza juu ya kidonda kama anayetia chumvi samaki, akafunika kwa shashi. Akaniachia nifanye mwenyewe kila siku. Haikupita wiki harufu ikapungua, watu wakarudi kukaa. Mama akadai udi ufukizwe na nywele zake zisukwe. Mimi nililia jikoni.

Na alimfundisha kusali amelala kwa ishara, akasema hakuna haja ya kumsumbua na maji ya udhu, atayamamu kwa mchanga safi. Yeye si Mwislamu hata, aliuliza kwa shemeji yake. Nani mwingine angeuliza?

Halafu huyo huyo. Inakwenda wapi.

Mama mdogo anasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nimewasifu sana mwanzoni. Labda. Maana hata dawa ya kulainisha choo ilipoisha hakuna aliyeuliza, na hiyo morfini inafunga choo, wanajua, mimi sikujua. Mama alikaa siku nyingi tumbo limekuwa gumu kama ubao, mimi nadhani ni ugonjwa umeshuka. Ni kijana wa duka la dawa aliyeniambia, "Mama, ukipewa hii lazima upewe na ya choo." Kijana wa duka!

Binti wa mama mdogo anasomea uuguzi Kilifi. Nilimwita aniambie kama hawa ni watu wazuri au la. Akacheka, akasema watu wanapima hospisi kwa gari na fulana. Yeye anasema nitazame wanapandishaje dozi na nani anaandika. Usiku nani anashika simu. Dada akienda likizo anakuja nani, na huyo atakayekuja ameshasoma faili? Mgonjwa ameulizwa anataka nini, au wanaongea na anayelipa tu? Na akishaondoka mama, watarudi kuangalia sisi tuliobaki, au ndiyo wameshapokea ya mwisho? Akasema pia muuguzi lazima awe na leseni ya Baraza la Wauguzi na naruhusiwa kuuliza nambari yake, na kituo lazima kisajiliwe, na Katiba kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya huduma bora ya afya. Nilimsomea kaka haya yote kwenye simu. Akasema, "Katiba italeta dawa usiku?"

Mimi nasema hivi. Mkunga unampima kwa mtoto kulia. Wa malaria unampima kwa homa kushuka. Hawa nitawapima kwa nini, na mimi na wao tunajua tunakoelekea? Nikisema mama hakuumia, wiki ile ya tumbo aliumia. Nikisema walikuwapo, usiku ule hawakuwapo. Nikisema walimheshimu, mama walimheshimu kuliko sisi wanawe. Ni mimi na ndugu yangu ndio hatukuheshimiwa. Je, hiyo nayo inahesabika, au ndiyo kununa anakosema kaka?

Kuna jambo jingine, na kwa kweli hili ndilo lililonikosesha usingizi. Juzi dada alinipigia, safari hii kwa upole, akasema ofisi imekaa kikao, wako tayari kurudisha chupa kubwa na dozi ya kumi kama alivyosema daktari, kwa sharti "yule kijana asilale nyumba hiyo". Akasema si yeye, ni ofisi.

Shangazi, yule kijana ndiye anayemgeuza mama usiku. Mimi peke yangu siwezi, mama ingawa amekonda bado ni mzito wa mifupa. Anaingiza mikono chini ya mabega, anageuza uso ukutani mpaka nimfunike, ndipo anasema bismillahi anainua. Mama hataki mtu mwingine amshike. Miaka yote ile aliyokuwa barazani kwa watu, aliyeuza mpaka sufuria zetu, mama alikuwa anamwekea sahani yake ya wali na kuifunika kawa. Sasa amemrudia, mzima, anakula naye mkono mmoja, mimi nije nimwambie toka?

Na kumwambia kwenyewe nitamwambiaje? Akitoka hapa ana pa kulala kumoja tu, na wewe unapajua.

Kaka anasema mtoe, kwani tatizo nini, ni wiki chache. Wiki chache za nani? Mama mdogo anasema asitolewe lakini chupa ikae kwake, nyumba ya tatu, niwe nakwenda kuchukua dozi kila saa nne. Usiku wa saa nne nimwachie nani mama, nikimbie uchochoroni na sirinji? Ndugu yangu mwenyewe hajui lolote kuhusu sharti hilo. Jana aliniuliza mbona dada yule hamsalimii siku hizi. Nikamwambia ana mambo mengi.

Chupa haijawahi kupungua kinyume cha daftari. Nimehesabu. Nahesabu hata sasa, usiku, akiwa amelala, si kwa kumshuku, ni ili nikiulizwa niwe na jibu.

Kwa hiyo naomba unishauri: niwafukuze hawa watu? Sitaki dada yule aondoke, kidonda hakuna mwingine atakayekifunga vile. Lakini sitaki akanyage hapa tena mpaka amwombe msamaha ndugu yangu, na mbele ya wale wale majirani. Je, ofisi ya hospisi ina haki ya kuniwekea sharti la nani alale nyumbani kwetu ndiyo mamangu asiumie? Nikalalamike wapi, na nikilalamika hawatakata dawa kabisa? Na kama sharti lenyewe ni halali, niambie na hilo, usinionee haya.

Wanakuja Alhamisi. Kaka ameshawajibu kwamba kijana atakuwa ametoka. Mimi sijajibu.

Usitaje mtaa wetu.

Binti yake,
Malindi