Fedha za msiba si ushahidi wa uhalifu

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka yote niliyoishi Ohio na sijawahi kuwaandikia. Ila habari yenu ya msafiri aliyechukuliwa fedha taslimu na maofisa uwanja wa ndege imenikera mno. Mmemwita mtuhumiwa tangu aya ya kwanza. Anatuhumiwa kosa gani? Mmeandika wenyewe kwamba hakufunguliwa mashtaka. Kisha mkatuasa tusitembee na fedha nyingi, kana kwamba kuwa nazo ni hatia. Hicho kiwango cha dola 10,000 mlichokitaja kinamhusu anayeingia au kutoka Marekani, naye hutakiwa kutoa taarifa tu. Anayesafiri ndani ya nchi hana kikomo.

Jambo mlilolikwepa ni kwamba serikali huacha kumshtaki mtu ikazishtaki fedha. Ipo kesi iitwayo Marekani dhidi ya Dola 124,700. Dereva aliyekuwa nazo huko Nebraska hakukutwa na dawa za kulevya, lakini mwaka 2006 mahakama ya rufaa iliipa serikali ushindi. Na Marekebisho ya Tano ya Katiba yanasema mtu asinyang'anywe uhai, uhuru wala mali bila kufuata utaratibu wa haki.

Mimi nilikuwa mhazini wa kamati ya msiba. Shemeji yetu alifariki jimbo jingine, nikapewa michango nimpelekee mjane, maana nyumba ya maiti ilitaka kulipwa kabla ya kuutoa mwili. Askari wa barabara kuu alinisimamisha, akasema nimebadilisha njia bila ishara. Akaona bahasha ya kaki kwenye kiti. Nilimwonyesha daftari: jina la kila mchangiaji, kiasi alichotoa, sahihi yake. Wengi walikuwa wametoa dola 20, na noti zilikuwa bado zimefungwa kwa raba mafungu kwa mafungu, kila fungu na karatasi ya mtaa wake. Hakulifungua hata ukurasa. Alisema noti ndogo namna ile ni za wauza unga, akazichukua. Nikapewa karatasi iliyoandikwa "fedha taslimu, kiasi hakijulikani", nami kiasi nilikuwa nakijua hadi dola ya mwisho! Sikufungwa pingu, sikuandikiwa hata faini ya ile ishara. Nikafika msibani mikono mitupu, na wapo ndugu ambao hadi leo wananitazama kwa jicho la pembeni. Fedha zilirudishwa baada ya miezi mingi, pungufu, na sehemu nyingine ikamezwa na wakili, kwa sababu katika kesi za namna hii serikali haikupi wakili hata ukiwa fukara, isipokuwa inapoitaka nyumba unayoishi.

Na viongozi wa jumuiya zetu nao wamenichosha. Nilipowaeleza, waliniambia ninyamaze, sisi ni wageni, nisiwaletee watu matatizo. Wageni gani? Darasani kwao tulikaririshwa Katiba ili tupate uraia, na jibu la kwamba ndiyo sheria kuu ya nchi tumelisema mbele ya afisa. Kila uchaguzi wanapiga picha na wagombea. Wawaulize basi kwa nini Ohio isifanye kama New Mexico, ambayo tangu 2015 haitaifishi mali ya mtu kwa njia hii mpaka apatikane na hatia. Mwaka 2019 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikubaliana, katika kesi ya Timbs, aliyenyang'anywa na serikali gari lake la Land Rover kule Indiana, kwamba hata majimbo yanabanwa na katazo la Katiba la faini za kupindukia. Mlango upo, hakuna anayeugonga.

Nanyi Mhariri, wekeni kisanduku ukurasa wa pili kila toleo, kwa Kiswahili, kisemacho hivi: ukichukuliwa fedha na maofisa wa serikali kuu, ukaletewa barua, soma tarehe ya mwisho ya kudai. Mara nyingi ni siku 35 tangu barua itumwe, si tangu uipokee. Ikipita umezipoteza bila jaji kukusikiliza. Dai kwa maandishi, nao watakuwa na siku 90 za kwenda mahakamani au kukurudishia. Na kila kamati ya msiba itoe nakala mbili za daftari, moja ibaki nyumbani.

Yule msafiri mmeandikia habari zake bila kumhoji. Mpigieni simu, mchapishe maelezo yake ukurasa uleule mliomwita mtuhumiwa.

Mhazini wa zamani wa kamati ya msiba,
Columbus, Ohio