Mkia wa neno

Tanga,
Jumapili jioni

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi, shoga yangu. Barua yako niliipata Alhamisi, na tangu siku hiyo mwanao Salma hajanitoka moyoni. Umesema mwalimu wa tuisheni kampa orodha ya visawe mia mbili akariri kabla ya mtihani wa Darasa la Saba, na usiku anaikariri huku analia. Nakuomba hiyo orodha uiweke kabatini wiki moja tu. Badala yake kaa naye jikoni, mkiwa mnachambua mchele, umzoeze kutazama mkia wa neno. Darasani wanauita kiishio.

Anza na neno lililomkwaza mwenyewe. Alisoma "upepo uliezua mapaa", akaandika kwamba upepo ulijenga. Zuhura, mtoto huyo hakubahatisha! Aliliona neno ezeka mle ndani, na kuezeka ni kazi ya ujenzi, kuliwekea paa makuti au bati. Mzizi aliujua, mkia ndio haukumwambia kitu. Basi muulize: wingu likitanda na nguo ziko kambani, bibi anapiga kelele gani? Anueni! Asubuhi tumeanika, mvua ikija tunaanua. Chungu tunakifunika, tukitaka kupakua tunakifunua. Karatasi tunaibandika ukutani, kisha tunaibandua. Mkia wa -ika umeweka, wa -ua umeondoa. Akiyasikia hayo matatu, ezeka na ezua atazimaliza mwenyewe, na siku atakayokutana na pachua hatatetemeka, maana pachika anaijua tangu utotoni.

Ila mwambie mapema kwamba si kila -ua ni ya kuondoa. Nunua haikutoka kwenye nuna. Kununa ni kukunja uso, na dukani hakuingii. Akishakisia, airudishe maana yake ndani ya sentensi aone kama inakaa. Isipokaa, aiache.

Sasa hivyo visawe. Kinachonisikitisha kwenye orodha za namna hiyo ni kuwekewa maneno mawili mstari mmoja kana kwamba ni pacha, kumbe mikia yao inagombana. Mpwa wangu aliandika insha ya mashindano ya mbio, akamwita bingwa "mkimbizi hodari". Yote mawili yametoka kwenye kimbia, lakini mkimbiaji yuko uwanjani, mkimbizi ameacha nyumba yake kwa vita au njaa. Msomaji ni yeyote aliyeshika gazeti, msomi ni mwenye elimu. Na mjuzi ukimwita mjuaji umemtukana mbele za watu. Salma akizoea kuuliza "huu ni mkia wa -aji au wa -i?" atakuwa ameshika kitu ambacho orodha haimpi.

Mwonyeshe na mshindi na mshinde. Herufi moja tu! Mshindi kashinda, mshinde kashindwa. Hiyo -e ya mwisho humtaja aliyetendwa: mtume ametumwa, kiumbe kimeumbwa, mteule ameteuliwa. Mimi nilikuwa mtu mzima nilipoligundua hilo, nikakaa kimya kwa furaha.

Ya -vu ni nyepesi, utampitisha haraka: mtulivu, mvumilivu, mnyamavu, msikivu. Zote ni tabia ya mtu. Ukimuuliza kisawe cha mnyamavu, atasikia nyamaza mle ndani, na mkimya itakuja yenyewe.

Ninayoipenda kuliko zote nimeiweka mwisho. Mwambie ataje fumbata, pakata, kamata, ambata, nata. Halafu mwombe aonyeshe kila moja kwa mikono yake. Ataona kwamba zote zinashika: kiganja kimefumbata sarafu, polisi amekamata mwizi, gundi imenata, mama amempakata mwanawe mapajani. Wazee wetu waliifunga maana ya kugusana ndani ya hiyo -ata, nasi tunaitumia kila siku bila kuiangalia. Hata kiambatisho unachotuma kwenye barua pepe ni ambata hiyo hiyo, imevishwa nguo za ofisini.

Wiki ijayo niandikie maneno yaliyomshinda. Usimfungulie kamusi kwanza. Acha akisie, aandike alichokisia na mkia uliompa wazo hilo. Alipokosea usipafute, hapo ndipo ninapotaka kupaona. Nitamjibu yeye mwenyewe, neno kwa neno.

Mama yako nisalimie sana, mwambie kanga zake nimezipata na mtu wa basi atazifikisha Ijumaa. Na leo usiku, kabla Salma hajalala, mpakate kidogo, hata kama miguu yake imeshafika chini.

Ni mimi akupendaye,
Mwanahamisi