Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mwongozaji apewe mamlaka ya kugeuza msafara

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwongozaji wa safari za wanafunzi porini na milimani. Ninaomba kanuni za safari hizi zitamke kwamba mwongozaji ana mamlaka ya kugeuza msafara wakati wowote, bila kukatwa malipo wala kunyimwa kazi.

Fomu za wazazi na sanduku la huduma ya kwanza hukaguliwa, na ni vyema. Lakini hatari kubwa huanza pale safari imeshalipiwa, kilele kimeshaahidiwa, na wingu linatanda. Niliwahi kumwona msichana akihangaika na kishikizo cha mkoba wake, vidole havimtii na ulimi mzito, huku akisisitiza kwamba hajambo. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, fahamu nazo huanza kuvurugika, hata mwenyewe asitambue kwamba anaumwa. Mwalimu wao alitaka tuendelee kwa kuwa ilibaki saa moja tu. Niligeuza kundi, na shule ile haikuniita tena. Sijutii.

Mwezi Machi 1993 nchini Uingereza, wanafunzi wanane walipelekwa baharini kwa kayaki (mitumbwi midogo) katika Lyme Bay pamoja na mwalimu wao na waelekezi wawili wa kituo cha michezo ya nje, wakasukumwa mbali na pwani, na wanne kati ya wanafunzi hao wakafariki. Mwaka uliotangulia, waelekezi wengine wawili wa kituo hicho walikuwa wamemwandikia mkurugenzi wao kumwonya juu ya usalama. Mkurugenzi alifungwa, na mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya kuvipa leseni vituo vya aina hiyo. Kilichonigusa zaidi ni kwamba wenye kujua walisema mapema, ila hawakuwa na nguvu ya kuzuia.

Nguvu hiyo inaweza kuandikwa. Saa ya kugeuka ipangwe kabla ya kuondoka na aachiwe mtu aliyebaki chini, ambaye ataita waokoaji kundi likichelewa. Vivyo hivyo kwa radi: ngurumo ikifuata mmweko ndani ya sekunde 30, kundi liondoke kileleni na mahali pa wazi, lisirejee hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwalimu akiwa ameusaini mpango huo tangu shuleni, hatakuwa na la kubishana nami mlimani.

Niko tayari kufika mbele ya maofisa wako kueleza zaidi.

Wako mtiifu,
Mwongozaji wa safari za wanafunzi