Arobaini ikiisha

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na hongera tena kwa mtoto wa pili. Sasa hivi bibi yupo, maji unapashiwa na uji wa pilipili manga unaletewa kitandani, kwa hiyo haya nakuandikia ya baada ya arobaini, wasaidizi wakishaondoka ukabaki na Hamisi wa miaka miwili na huyo mchanga.

Patakapokusumbua ni kwenye kunyonyesha. Mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 usiku na mchana, na pengine anakaa ziwani nusu saa nzima. Hamisi atagundua upesi kwamba muda huo huwezi kuinuka, na hapo ndipo unga humwagwa na mlango wa nje hufunguliwa. Basi kabla hujakaa, mshughulikie yeye: akojoe, apate maji na ndizi au kiazi cha kuchemsha. Karanga nzima usimpe, zinapalia. Funga mlango, kisha kaa chini mkekani, siyo kitandani, umfikie kwa mkono. Kuwe na kikapu cha vitu anavyoviona wakati huo tu: sufuria ndogo, mwiko, vikombe vya plastiki, kitabu cha picha. Ukimaliza, kikapu kipande juu ya kabati. Kikishinda sakafuni, kesho hatakitazama.

Jiko kila mtu analiogopa, ndoo zinasahauliwa. Mtoto wa umri wake kichwa ni kizito. Akiinamia ndoo akatumbukia hawezi kujitoa, hata maji yakiwa kidogo. Ndoo zifunikwe, na maji ya kuogea yamwagwe papo hapo. Kwenye beseni la mchanga tangulia maji ya baridi ndipo uongeze ya moto, uyapime kwa kiwiko. Ukianza na ya moto ukafuata ya baridi nje, Hamisi atakuwa ameshatia mkono.

Usiku wote waingie kwenye chandarua chenye dawa, lakini wasilale ubavu kwa ubavu, maana Hamisi anajipindua usingizini. Wewe uwe katikati, godoro likiwa chini ndiyo afadhali. Mchanga alale chali, pagumu, bila mto wala blanketi zito.

Wivu utakuja, usishangae. Aliyeacha kukojoa kitandani ataanza tena, atataka kubebwa, hata ziwa ataliomba. Ukitaka kumpa mpe, ila mchanga atangulie kushiba. Usimwambie "wewe sasa mkubwa". Ukubwa wenyewe ndio unaomuuma. Afadhali akusikie ukimwambia mchanga kwa sauti, "Ngoja kidogo, namvalisha kaka viatu." Mchanga haelewi neno, mwenye kuelewa ni Hamisi. Umtume pia: alete nepi, ashike sabuni. Atachelewesha kazi, lakini mikono yake utajua iko wapi.

Akipata mafua, anawe kwa sabuni kabla ya kumgusa mdogo wake, na ambusu miguuni, asimbusu usoni. Hili usilichukulie kwa wepesi. Mchanga wa chini ya miezi miwili akifika joto la nyuzi 37.5, akikataa ziwa, akipumua mbiombio au kifua kikibonyea, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Dawa ya Hamisi usimgawie, hata nusu kijiko.

Chanjo za mchanga ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Unapokwenda beba kadi zote mbili, kwani wengi huishia kliniki ya miezi tisa, na ile chanjo ya pili ya surua na rubela, ya miezi 18, ikapita. Kama Hamisi hajaipata, mwambie muuguzi hapohapo.

Msalimie bibi na baba Hamisi.

Wako,
Mwanaidi