"Nimelipia Kuulizwa Maswali?" Kuhusu viungo vinavyouma baada ya homa ya virusi

Wiki hii tena kuna mteja katoka kwetu, kwenye kliniki ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), kanuna. Alitegemea atachuliwa mwili mzima, badala yake tumemuuliza maswali nusu saa, tumepima kiungo kimoja kimoja kwa goniomita, kile kipimo cha pembe, kinakunja mpaka wapi, tumembinyisha dinamomita tuone nguvu ya kiganja, akaondoka na mazoezi matatu ya nyumbani. Akasema mmenila hela. Malalamiko haya yanajirudia mno, ngoja niyajibu.

Ukishapona homa ya virusi, iwe chikungunya, korona au hata mafua makali, mara nyingi virusi vimeshatoka kwenye damu lakini kinga ya mwili bado imechachamaa, ndo maana misuli inauma na viungo vinakakamaa asubuhi. Kwa wengi inaisha ndani ya wiki chache. Chikungunya ndo mbishi, inaweza kuburuza miezi, wengine miaka, hasa vidole, vifundo vya mikono na vifundo vya miguu. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la kujikunja, kwa jinsi wagonjwa walivyopinda kwa maumivu kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, na mpaka leo hakuna dawa ya kukiua kirusi chake.

Sasa kiungo bado kimevimba halafu ukichue kwa nguvu, kesho mtu hanyanyui hata kikombe. Dada mmoja fundi cherehani alitujia akiwa kachuliwa hivyo kwingine, vidole havishiki mkasi, tukaanza na kukunja na kukunjua ndani ya maji ya uvuguvugu mara tano tu. Nyumbani kafanya hamsini kwa sababu siku hiyo alijisikia vizuri, siku mbili baadaye ananipigia analia. Ndo maana tunafuatilia: maumivu yakizidi ya kawaida na kesho yake hayajashuka, zoezi lilikuwa kubwa, tunapunguza. Ilimchukua miezi minne kurudi kwenye cherehani, lakini karudi.

Kinachoniuma zaidi ni sindano. Dereva mmoja aliona tunamchelewesha akaenda kuchomwa stiroidi, dawa ya kutuliza uvimbe inayofanana na homoni ya mwili wenyewe, halafu akaendelea na vidonge, anajiongezea mwenyewe bila daktari. Maumivu yalikata kweli, sikatai. Baada ya miezi uso umejaa, sukari imepanda, akaacha ghafla akadondoka, maana mwili ukizoea kupewa unaacha kutengeneza ya kwake. Mwisho nyonga, picha ikaonyesha kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu, sasa anasubiri kuwekewa nyonga ya bandia. Sisemi stiroidi ni sumu, wapo ambao daktari wa baridi yabisi anawaandikia na anawasimamia, ila sio za kujinunulia. Na kama homa ndo kwanza inaanza na dengi haijapimwa, diklofenaki na aspirini usiguse, zinaweza kuongeza kutoka damu, tumia parasetamo.

Mnasema bei yetu iko juu. Kwetu mtu mmoja anahudumiwa na mtu mmoja kwa saa nzima, hatulazi watatu chini ya taa ya joto tukaondoka. Na yale maswali yana kazi, kuna mama alikuja goti moja tu limevimba, jekundu, la moto, homa imerudi, hatukumgusa wala hatukumtoza, tukampeleka hospitali saa ileile, likakutwa usaha ndani. Vilevile miguu ikianza kulegea na udhaifu unapanda juu, au mkojo ukiwa wa kahawia, usipange miadi na sisi, kimbia hospitali.

Kwa yule aliyenuna, vipimo vyako vipo kwenye faili, na seshen ya pili tunaanza na vidole vilevile. Njoo na daftari ulilopewa, kila asubuhi andika dakika ngapi zimepita mpaka vikalegea.