Usizibe Ufa Kabla Hatujauona

Kila ardhi inapotikisika hapa Bukavu, hata kidogo tu, simu ya karakana yetu ya ujenzi hulia ndani ya siku mbili au tatu, na ombi huwa ni lilelile: ukuta umepasuka, mje muupige lipu na kuupaka rangi upya. Methali ya kuziba ufa tunaijua sote, lakini wateja wetu huitii haraka kuliko tunavyopenda, kwa sababu ufa ukishafunikwa fundi hawezi tena kuusoma, na nyumba hubaki na udhaifu wake hadi tetemeko jingine. Hilo jingine halikwepeki, maana mji wetu umekaa kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako ardhi inaachana polepole, na Ziwa Kivu lenyewe limo ndani ya mwachano huo.

Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka Jumapili ya Februari 3, 2008. Tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga asubuhi, watu wakiwa kanisani, na zaidi ya watu 30 walifariki, wengi wao ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, ambako waumini waliangukiwa na kuta za kanisa lao. Miaka mitano na ushee kabla, Oktoba 2002, Kalehe, kaskazini mwa mji wetu, ilikuwa imetikiswa kwa kipimo cha 6.2, na Agosti 2015 mji wetu ulitikiswa tena. Vipimo hivi si vikubwa. Mwaka 2010 Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8, lenye nguvu mara mamia kuliko lile la 7.0 lililoipiga Haiti wiki chache kabla. Waliokufa Chile walizidi 500 kidogo, ilhali Haiti walikufa watu zaidi ya laki moja. Sababu zilikuwa nyingi, lakini namna kuta zilivyojengwa ni miongoni mwa zilizo kubwa.

Ukuta wa matofali hubeba vizuri uzito unaoukandamiza kutoka juu, lakini hauwezi kuvumilia kuvutwa wala kusukumwa ubavuni. Ardhi inapokwenda na kurudi, kila ukuta hutaka kucheza peke yake. Pembe za nyumba huachana, ukuta huanguka nje, na paa hushuka juu ya waliomo. Dawa yake ni mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya kuta zote bila kukatika, ule ambao mafundi wetu huuita kwa Kifaransa *chaînage*. Kazi yake ni ile ya ukingo wa kikapu: ukiutoa, vijiti vyote hufunguka. Tunasikitika kusema kwamba mkanda huo ndio wa kwanza kufutwa bei inapopanda, huku pesa ya vigae vya sebuleni ikibaki palepale.

Wachile walijifunza hayo kwa uchungu baada ya tetemeko la Chillán la mwaka 1939, ambako nyumba za matofali yaliyofungwa kwa nguzo na mikanda ya zege zilistahimili kuliko zile za matofali matupu. Siri mojawapo ni mpangilio wa kazi. Ukuta hujengwa kwanza, kingo zake zikiachwa na meno, kisha zege ya nguzo humwagwa ikiuma matofali hayo. Hapa kwetu mara nyingi nguzo husimamishwa kwanza na matofali huja kujaza nafasi, hivyo viwili hivyo havishikani. Tazama pia pete zinazofunga nondo za nguzo: ncha zake zikunjwe kuelekea ndani ya zege, si kuachwa zikigusana ukingoni, kwani hufunguka nguzo inapotikiswa. Na fundi anayeongeza maji ili zege iteleze kirahisi anakuuzia zege dhaifu, hata kama mifuko ya saruji ilikuwa kamili.

Sasa turudi kwenye ufa. Mistari myembamba kama unywele, inayotawanyika kama utando, mara nyingi ni ya lipu peke yake. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, unaopita katikati ya matofali na kuonekana pande zote mbili za ukuta, ni habari nyingine. Vilevile ufa wa wima kwenye pembe ya nyumba, unaozidi kupanuka kuelekea juu. Chora alama ya kalamu pale ncha za ufa zinapoishia, andika tarehe, na uangalie baada ya wiki chache kama umevuka alama. Kwa nyumba za mitelemko ya Kadutu, ukague pia ukuta unaozuia udongo nyuma ya nyumba, hasa msimu wa mvua.

Mambo ya ndani hayahitaji fundi: kitanda kisikae chini ya dirisha, kabati zito lifungwe ukutani, na mbabula yenye makaa isiwekwe karibu na pazia au mlango wa kutokea.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa bila mkanda, bado kuna la kufanya. Tunafunga wavu wa chuma kwenye pembe na sehemu ya juu ya kuta, ndani na nje, tunauunganisha kwa waya unaopenya ukuta, kisha tunaufunika kwa lipu ya saruji. Haiifanyi nyumba kuwa mpya, lakini huchelewesha kuanguka, na dakika moja inatosha watu kutoka. Kwa nyumba za ghorofa hatuamui peke yetu. Tunakuja na mhandisi. Tukikuta nyumba isiyofaa kutumiwa pesa, tutakuambia hivyo kwa maandishi, ingawa tumewahi kupoteza wateja kwa sababu hiyo.

Tunafika Ibanda, Kadutu na Bagira. Mteja atuandalie ngazi ya kupandia darini, asogeze makabati mbali na kuta, na asipake rangi wala lipu hadi tutakapokuwa tumeondoka.